Ukuta Umenitaja kwa Jina

Jamani, leo nimevuliwa nguo na ukuta. Ukuta wa kwetu. Ule ule niliojifunza kutembea nikiwa nimeushika, na ambao juzi niliupaka chokaa kwa mikono yangu mwenyewe.

Nimekaa barazani, suruali ina madoa meupe hadi magotini, na nawaandikia haraka kabla fundi Rajabu hajawaandikia (anajua kusimulia kuliko mimi, na ataongeza chumvi). Someni hapa kwanza.

Kwa ambao hamjafika kwetu: ni nyumba ya zamani katika Mtaa wa Waswahili hapa Rumonge, aliyoijenga babu yangu alipohamia kutoka Ujiji enzi za Wabelgiji. Matofali ya kuchoma, paa la vigae, nguzo nne za baraza, mlango wa mbao usiofunguka mpaka uupige bega. Sakafu ni ya sima nyekundu, yaani saruji, na mama ameing'arisha kwa nta miaka yote hadi kuna wageni walioingia humo wakiwa na heshima zao wakaishia chini. Soko liko karibu, msikiti karibu, barabara ya Bujumbura hatua chache. Na ziwa, ambalo miaka hii limekuwa likiingia kwenye nyumba za watu bila kubisha hodi, huku juu halifiki.

Familia tumekubaliana iuzwe. Macho ya mama hayaoni vizuri tena, ngazi za baraza zimeshamwangusha mara mbili, na dada Zuena anamtaka Bujumbura karibu na daktari. Haikuwa rahisi. Tulilia kwenye simu, kila mtu kwa zamu yake.

Kisha ikaulizwa nani asimamie mauzo. Mimi ndiye niliyebaki Rumonge, mimi ndiye ninayeishi na mama. Kwenye kundi letu la WhatsApp pakawa kimya. Kimya kirefu. Mwishowe dada Zuena akaandika, "Bon, Shabani ajaribu."

Ajaribu! Nina miaka arobaini na sita na mvi kwenye ndevu. Natengeneza mota za mitumbwi pale bandarini, na kuna watu wanavuka kwenda Kongo usalama wao ukiwa mikononi mwangu. Lakini nyumbani bado mimi ni yule wa kujaribu. (Sababu wanayo. Nitaifikia, msinikimbize.) Basi nikaapa moyoni kwamba safari hii nitaanza kitu na nitakimaliza, na familia itasema Shabani amekuwa mtu mzima. Nilikitaka hicho kuliko chochote.

Miezi miwili nimekarabati. Nimebadilisha vigae vilivyopasuka, nimeng'oa madirisha yaliyooza nikaweka mapya, nimeziba nyufa, nimeufanya mlango ufunguke kwa mkono mmoja. Maua ya bogenvilia yaliyokuwa yamepanda mbele nikayakata ili baraza lionekane. Ikabaki kazi moja tu, ukuta wa mbele.

Sasa mnajua desturi yetu huku. Ukisafiri siku tatu, unaweza kurudi ukakuta tapeli ameshaiuza nyumba yako kwa mtu wa mbali, na huyo mtu yuko ndani anakukaribisha. Dawa yake ni kuandika ukutani kwa herufi kubwa kwamba haiuzwi. Marehemu baba aliandika. Aliandika kwa Kirundi, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, ili tapeli asipate kisingizio. Alitumia rangi nyekundu ya mitumbwi, ile inayokaa ndani ya maji miaka kumi bila kubadilika, na kila herufi ina urefu wa mkono kutoka kiwiko. Chini ya mistari hiyo mitatu kuna wa nne, ambao bogenvilia ilikuwa imeufunika tangu zamani. (Bogenvilia hiyo niliipanda mimi. Haikuwa kwa sababu ya kupenda maua.)

Huwezi kuuza nyumba inayosema yenyewe kwamba haiuzwi. Ilibidi ukuta upakwe. Lakini rangi ya mafuta nilikuwa nimeimalizia kwenye mlango, madirisha na nguzo, na ilivyokuwa inang'aa nilijisahau nikapaka hadi kiti cha mama. Juzi mteja akapiga simu kwamba hatasubiri Jumamosi tena, atakuja leo hii. Nikachanganya chokaa.

Fundi Rajabu, mwashi wetu na jirani wa ng'ambo ya barabara, alisimama nyuma yangu mikono kiunoni. "Kwanza ukwangue," akasema. "Chokaa juu ya rangi ya mafuta haishiki. Inakaa hapo kama mugeni tu. Mvua ikikuja, inaaga."

Nikamjibu kwamba mimi ni fundi pia. (Wa mota. Ukuta hauna mota.)

Nilipiga mikono mitatu. Ukawa mweupe unaumiza macho. Nikapiga picha nikaituma kwenye kundi la familia, na dada Zuena akajibu kwa kidole gumba. Kidole kimoja, lakini kwa dada Zuena hiyo ni hotuba. Nililala nikitabasamu.

Leo asubuhi kulikuwa na wingu zito juu ya milima ya Kongo. Mama, ambaye hamwoni hata mbuzi akiwa mbele yake, akanyanyua pua akasema mvua inakuja. Nikamwambia itaishia ziwani. Nikamwambia pia kwamba wageni wakifika aseme mambo mazuri tu kuhusu nyumba. Akaniuliza kama namfundisha kusema uongo akiwa na umri huo. Nikasema hapana, namfundisha kunyamaza. Akacheka, na hiyo ingetosha kunionya.

Wageni wamefika saa tisa kutoka Bujumbura. Gari lao lilikuwa linanuka ndagala, dagaa wa ziwani, maana njiani walisimama Gitaza na kununua mfuko mzima. Madamu Godeliva ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mama mdogo wa umbo, miwani yake ina kamba, anauliza maswali machache na anasubiri majibu. Yeye ndiye mnunuzi, kwa akiba yake ya kazi. Mume wake, Bwana Anselme, ni mrefu, ana kofia, na hasubiri chochote.

"Amahoro, karibuni," nikasema. "Mimi ni Shabani. Mukiwa na swali lolote, muulize Shabani. Shabani haiko na siri."

Bwana Anselme hakufika hata mlangoni. Alisimama barazani akapima mtaa kwa macho, akasema hapa wakikaa miaka miwili na bei ikapanda, wanaiuza tena. Sebuleni akasema wanaweza kuikata vipande na kuiuza nusu kwanza. Uani akasema kwa kweli ua ndio wa kuuza mapema kuliko vyote. Kila alipofungua mdomo, Madamu Godeliva alimtazama kama mwalimu anavyomtazama mwanafunzi ambaye kila dakika tano anaomba ruhusa ya kutoka.

Tukiwa chumba cha pili, mvua ikaanza. Nayo haikunyunyiza, ilimwagwa. Ilikuja na upepo kutoka ziwani, ikipiga upande wa mbele wa nyumba.

Na mimi, ndugu yenu, nikafurahi! Nilikuwa nawaza paa. Nikawasimamisha katikati ya sebule, nikawaonyesha dari, nikawaambia watafute tone. Walitafuta. Halikuwepo. Madamu Godeliva akatikisa kichwa kwa kuridhika, akagusa ukuta wa ndani kwa kiganja, na nikaona kabisa kwamba anaipenda nyumba. Alikuwa anashika vitu polepole, akiviacha polepole. Nilijikuta nampenda kwa ajili hiyo.

Mama alikuwa kwenye kiti chake cha rangi mpya. Aliwaambia wageni kwamba chumba cha kushoto kilikuwa na panya hadi mwaka huu, na kwamba bomba la uani linapiga kelele alfajiri. Nikakohoa. Akageuza sikio kuelekea mbele ya nyumba, akasikiliza kidogo, akasema kwa utulivu, "Shabani, ukuta."

Nilijifanya sikusikia.

Hapo ndipo Madamu Godeliva akauliza swali aliloliletea safari yote. Alitaka kujua kama nyumba haina maneno. Kama watoto wote wamekubali, kama hakuna ndugu atakayejitokeza kesho kusema haiuzwi. Alisema amefundisha miaka thelathini na tano akihama kutoka nyumba ya kupanga hadi nyingine, na hataki tena mtu aje kumtoa mahali. Alisema hivyo bila kunyanyua sauti.

Nikaweka mkono kifuani. "Madamu," nikasema, "toka nyumba hii ijengwe, hakuna mutu amewahi kusema ama kuandika kama haiuzwi."

(Kuandika. Nani aliniuliza habari za kuandika? Kuna watu mdomo wao unawatumikia. Mimi wangu unanishtaki.)

Mvua ikakatika ghafla. Bwana Anselme akasema twende nje, apige picha ya mbele awatumie watoto wao. Nikatangulia na kuufungua mlango kwa mkono mmoja, kwa madaha.

Kwenye ngazi kulikuwa na maji meupe yanateremka kama maziwa. Niliyaona, nikayavuka, na akili yangu ikakataa kabisa kuyaelewa. Ng'ambo ya barabara, kwenye upenu wa kina mama wanaouza mawese, palikuwa na watu kama kumi na tano waliokuwa wamejikinga mvua. Mvua ilikuwa imeisha na hakuna aliyeondoka. Hawakuwa wakinitazama mimi, walitazama juu ya kichwa changu. Katikati yao alikuwepo fundi Rajabu na mwavuli wake, na simu mkononi.

Nikageuka.

Ndugu zangu, chokaa ilikuwa imeshika vizuri sana kila mahali ambapo hapakuwa na herufi. Kwenye herufi haikubaki hata chembe. Maneno ya baba yalikuwa mekundu, yameoshwa, yanang'aa, juu ya weupe mtupu. Hayajawahi kusomeka vile tangu siku alipoyaandika. Nilichofanya kwa siku mbili nzima ni kumtandikia marehemu shuka jeupe.

Rajabu akasoma kwa sauti, akiwasaidia wasiojua kusoma na wasiotaka kuamini:

IYI NZU NTIGURISHWA
MAISON À NE PAS VENDRE
NYUMBA HAIUZWI

Akakunja mwavuli wake polepole. (Alifanya makusudi, namjua.) Kisha akamalizia:

HATA KAMA SHABANI ANASEMA

Wale kina mama wa mawese walikaa chini. Si kwa kuchoka.

Bwana Anselme alishusha simu yake. Madamu Godeliva akavaa miwani, akausoma ukuta mstari kwa mstari, bila haraka, kama anayesahihisha daftari. Kisha akanigeukia.

"Huyu Shabani ni nani?"

Nilikuwa nimeshamtajia jina langu si chini ya mara sita. Nikamjibu kwamba Shabani ni jina la kawaida sana hapa Rumonge, na upande wa Kizuka pia wapo wengi.

"Ni yeye," akasema mama kutoka mlangoni.

Sasa ndipo nimefika kwenye ile sababu. Nilikuwa na miaka ishirini na nilitaka mota ya mtumbwi kuliko nilivyotaka kwenda peponi. Mfanyabiashara mmoja wa Gitaza alikuwa nayo. Baba alikuwa amekwenda kwenye msiba Kizuka, na mimi nikamleta yule bwana aiangalie nyumba. Kuangalia tu! Nilimwambia tukielewana nitazungumza na mzee. Nikaonyesha vyumba, nikasifu vigae. Inaelekea nilisifu kupita kiasi, maana kesho yake asubuhi, baba anarudi kutoka msibani, amechoka, ana vumbi, anakuta barazani kwake kuna kitanda, godoro, sufuria tatu na mwanamume asiyemjua anamwambia karibu mzee, ingia upumzike. Baba hakunipiga. Hakunisemesha kabisa siku ile. Alikwenda bandarini, akarudi na kopo la rangi.

Miaka ishirini na sita nimepita mbele ya mstari ule nikijua kwamba baba yangu alikuwa na hasira nami ya kuandikwa kwa herufi kubwa. Ndiyo maana nilipanda bogenvilia. Ndiyo maana sikutaka mwingine apake ukuta ule ila mimi.

Nikawasimulia wageni yote, pale pale ngazini, chokaa ikinilowesha miguu. Sikuwa na cha kuficha tena. Niliomba radhi kwa kusema uongo. Nilimwambia Madamu kwamba watoto wote kweli wamekubali, ampigie Zuena sasa hivi, lakini nikajua kwamba imekwisha. Akilini nilimwona Zuena akilifungua kundi. Niliona kile kimya.

Bwana Anselme alikuwa anacheka hadi kofia ikamtoka. Madamu hakucheka. Alipanda ngazi, akamshika mama mkono.

"Mama, wewe unataka iuzwe?"

"Hapana," mama akasema. "Sitaki. Lakini hizi ngazi sizioni tena, mwanangu. Kutaka ni kitu kingine. Ni nani atakaa humu?"

"Mimi. Na wajukuu, likizo."

"Hautaiuza?"

Madamu Godeliva akamgeukia mume wake, na Bwana Anselme akaacha kucheka.

"Mimi siuzi," Madamu akasema.

Mama akaomba tumpeleke kwenye ukuta. Tukamshusha ngazi, mimi kushoto, Madamu kulia. Akanyoosha mkono akatafuta jina langu kwa vidole, herufi ya kwanza. Hata nilipokuwa naipaka chokaa sikuitazama vizuri. Ile S imepinda vibaya, mkia wake umekimbilia pembeni.

"Hapa ndipo baba yako alianza kucheka," mama akasema. "Alicheka mupaka kopo likaanguka. Doa liko pale ngazini, sijui kama bado munaliona."

Doa lipo. Jekundu, kwenye ngazi ya pili. Nimelikanyaga maisha yangu yote nikidhani ni sima. Jamani, siwezi kuwaeleza nilivyojisikia. Baba hakuwa na hasira. Alisimama hapa akacheka peke yake mpaka akamwaga rangi, na mimi nikamfunika kwa maua miaka ishirini na sita. Nililia kidogo. Rajabu atasema ilikuwa chokaa machoni, na kwa hilo peke yake namshukuru.

Madamu Godeliva akampigia dada Zuena palepale, wakaongea muda mrefu, kisha akaniambia kwamba anainunua. Alisema nyumba ambayo mtaa mzima unajua ni ya nani, na mzee wake aliilinda hivi, ndiyo nyumba isiyo na maneno. Ana sharti moja. Ukuta usipakwe tena. Kwanza alitaka nitoe jina langu tu. Akaangalia vidole vya mama, bado vimeshika ile S, akabadili mawazo.

"Jina lake liache," akasema. "Wewe ongeza mustari moja. Andika: HATA ANSELME."

Kwa hiyo kesho asubuhi nitakuwa mbele ya nyumba nikiandika. Kwa rangi ya mitumbwi, ambayo ninayo bandarini makopo manne. (Ndiyo, nafanya kazi katikati ya makopo ya rangi ya mitumbwi. Ndiyo, ningeweza kuupaka ukuta kwa rangi hiyo tangu mwanzo. Rajabu ameshaniambia, msijisumbue.) Mama amesema atakaa kwenye kiti chake kunisikiliza nikiandika. Bwana Anselme naye amesema atakuja kuhakikisha herufi zake si kubwa kuliko zangu.

Kwenye kundi la familia niliandika neno moja tu, imeuzwa, nikafunga simu kwa heshima. Nilipoifungua nikakuta Rajabu ameshamtumia dada Zuena picha ya ukuta, na dada Zuena amejibu kwa vidole gumba viwili.

Basi ndiyo hivyo. Nyumba imeuzwa na Shabani, na imeandikwa hapo hapo kwamba Shabani asisikilizwe. Mkipita mtaani kwetu msicheke, tafadhali. Na mkishindwa, simameni kwenye ngazi ya pili, ndipo mwenye nyumba alipochekea.